Ukumbi Uliojengwa kwa Maombi

Mwaka ule chuoni kwetu Kilosa, wanafunzi wa shahada ya historia tulikuwa watano. Watatu waliomba sheria wakapangiwa historia. Wa nne, Valentino, aliichagua kwa sababu alisikia haina hesabu. Wa tano nilikuwa mimi, Angela, niliyeiweka chaguo la kwanza kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Kosa hilo hakuna aliyenisamehe.

Mama yangu, Paulina, ana banda la chakula Mikumi, pale malori yanapoegesha kabla ya kuingia hifadhini. Kila nikienda likizo namsaidia kugawa wali, na kila siku dereva mmoja humuuliza, "Mama Angela, binti anasomea nini?"

"Historia."

"Aa, mwalimu huyo."

"Siyo ualimu. Historia yenyewe."

Hapo dereva huweka kijiko chini. "Mungu atasaidia," husema, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani amechelewa. Mmoja aliyekuwa anaelekea Tunduma alinivuta pembeni akaniambia ana shemeji yake anayefundisha kushona, kama nitabadili mawazo.

Chuo chenyewe ni cha kanisa, kipo mlimani, na ni kidogo kiasi kwamba ukikosa kipindi mwalimu anakuja kukugongea bwenini. Idara ya historia ilikuwa mtu mmoja, Mwalimu Evarist. Yeye ndiye mkuu wa idara, ndiye mhadhiri mwandamizi, ndiye mhadhiri wa kawaida, na ndiye mwenye ufunguo. Shahada yake ya uzamivu ilikuwa inaelekea ukingoni tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

Mwezi wa pili wa mwaka wetu wa mwisho tuliitwa sote ofisini kwa Mkuu wa Chuo, Mchungaji Dokta Jastin. Tukamwamkia, akaitikia, hakutuambia tukae.

"Idara yenu haina soko," alianza. "Bodi imeniuliza mnazalisha nini, nikakosa jibu. Lakini mimi ni mzazi, nawapa nafasi. Chuo kinatimiza miaka thelathini. Nataka kitabu cha historia ya chuo, kurasa kumi, kigawiwe siku ya jubilei." Akafungua droo, akatoa karatasi iliyochapwa vizuri. "Hitimisho nimeshaliandika. Ninyi tafuteni historia inayofika hapo."

Nilipokea karatasi. Ilisema kwamba ukumbi wetu mkuu, jengo kongwe kuliko yote pale chuoni, ulijengwa na wamisionari kwa mikono yao wenyewe, tofali kwa tofali, yakishikanishwa na maombi. Valentino akainua mkono, nadhani alitaka kuuliza kama kulikuwa pia na saruji. Mwalimu Evarist aliushusha.

Tukaanza utafiti. Nilikwenda ofisi moja nikaomba kumbukumbu za kiwanja. Nikaambiwa zilichukuliwa na mafuriko. Ofisi ya pili, mafuriko. Ya tatu ilikuwa juu kabisa mlimani, mahali ambapo hata Nuhu asingehitaji safina, nayo mafuriko yalifika. Nikaanza kuyaheshimu mafuriko ya Kilosa. Yalipita mtaa baada ya mtaa yakichagua mafaili, viti na meza yakaviacha.

"Tunakili tovuti ya chuo," Valentino alishauri. "Tubadilishe maneno kidogo."

"Tovuti imeandikwa na Mkuu."

"Basi hata maneno tusibadilishe, atafurahi."

Historia ilikuja yenyewe, tena kwa gharama ya Mkuu. Aliagiza ukumbi ukwanguliwe rangi ya zamani upakwe upya kwa ajili ya jubilei. Asubuhi moja napita naelekea maktaba, ambayo ipo mle mle ukumbini nyuma ya kaunta ya mbao, nikamkuta fundi rangi amesimama kwenye ngazi ameshika msasa, ameduwaa.

"Dada," aliniita, "kuna maandishi huku. Nifute au niache?"

Juu ya mlango, chini ya matabaka manne ya rangi, zilikuwa zimechongwa herufi kubwa kwenye lipu: BU YA WAFANYA. Nikamwomba akwangue kushoto, akwangue kulia. Ikatokea KLABU YA WAFANYAKAZI. Chini yake, kwa herufi ndogo, 1964.

Nilikimbia kumwita Mwalimu Evarist. Alikuja na chaki mkononi, akayatazama maandishi yale kama mtu aliyekutana stendi na mchumba wake wa zamani.

"Hiki ni chanzo cha msingi," alinong'ona. "Piga picha haraka, Angela, kabla sijakumbuka kwamba nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja."

Nikapiga. Jioni yake Mkuu alipita, akatazama juu, akaagiza maandishi yafunikwe kwa mikono miwili ya rangi ya maziwa.

Wikiendi nilikwenda Mikumi. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliitazama ile picha kwenye simu, akasema, "Muulize Bibi Joha. Huyo kazaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge. Baba yake alikuwa manamba."

Bibi Joha anauza mikeka karibu na nyumba ya wageni, barabarani. Nilimjua tangu utotoni kama bibi asiyepunguza bei. Umri wake ni themanini na kitu, na hicho kitu hakisemi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unanunua au unasalimia?"

"Nasalimia, halafu nina swali."

"Basi kaa huko juani. Kivuli ni cha wateja."

Nilikaa juani nikampa simu. Aliisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, akaisogeza tena. Kisha akaufuata mstari wa herufi kwa ukucha, moja baada ya moja.

"Herufi hizi kachonga Ditram," alisema. "Ile K imelala. Nilimwambia imelala, akasema itaamka."

Nikatoa daftari. Nilikuwa nimeandaa maswali kumi na saba, kama tulivyofundishwa, yakianzia kwa mepesi. Sikufika la tatu. Alisema mwenyewe. Ukumbi ule waliujenga wafanyakazi wa mkonge na wa reli, Jumamosi jioni na Jumapili, baada ya kazi. Kila kambi ilikuwa na tanuru lake la matofali, na kambi iliyochelewa ilitungiwa wimbo wa kuzomewa.

"Na wamisionari walisaidia?"

"Walikuja mara moja."

"Kufanya nini?"

"Kutukataza."

"Mlikuwa mnafanya nini humo ndani, bibi?"

Alinitazama kwa huruma. "Tulikuwa tunacheza dansi, mjukuu wangu. Ulidhani tulikuwa tunafanya mtihani?"

Nikauliza Ditram alikuwa nani. Alikuwa fundi mkuu, aliniambia. Ukumbi mzima, toka msingi mpaka paa, ulikuwa kichwani mwake. Masika ya mwaka wa pili, ukuta wa upande wa reli uliloa ukaanguka, naye alikuwa chini yake.

"Alikuwa Mkristo, mimi Mwislamu," alisema huku akikunja mkeka ambao ulikuwa umeshakunjwa. "Alishakuja kuniposa mara mbili, baba akamkatalia mara mbili. Ya tatu hakuwahi."

Akatokea mteja. Bibi Joha alimgeukia, akamtajia bei, akakataa kupunguza, akauza. Aliporudi kwangu uso ulikuwa ule ule wa kila siku.

"Andika," alisema. "Fundi mkuu. Ditram."

Niliandika. Niliandika kurasa kumi kamili, na sikuwahi kuandika kitu kwa furaha vile. Valentino, ambaye hajawahi kusoma kurasa kumi mfululizo maishani mwake, alizisoma zote amesimama. Tukampelekea Mkuu.

Alituita baada ya siku mbili. Kurasa zangu zilikuwa zimejaa wino mwekundu. Klabu ya wafanyakazi ilikuwa imegeuzwa kituo cha jamii, halafu kituo cha jamii kikakatwa kikawa nyumba ya maandalizi ya kiroho. Dansi ilikuwa mazoezi ya viungo. Pombe ilikuwa viburudisho. Ukurasa wa nne mpaka wa saba, ambamo ukuta ulianguka, ulikuwa na mstari mmoja mrefu wa kukata kutoka kona hadi kona.

"Habari za vifo hazifai kwenye sherehe," alisema.

"Lakini Mkuu, mtu huyu alikufa akijenga ukumbi wetu."

"Mwombee." Akavua miwani. "Angela, binti yangu, historia siyo kila kilichotokea. Historia ni kile kinachotusaidia. Tasnifu yako inapita mezani kwangu kwa saini, sivyo? Na idara yenu bado ipo mezani kwa Bodi. Mimi nawasaidieni."

Nilimtazama Mwalimu Evarist. Alikuwa anatazama dari. Ni dari nzuri, ya mbao, inastahili kutazamwa.

Ningependa kusema kwamba niligoma, nikachana zile karatasi, nikatoka nje kichwa juu. Sikugoma. Nilirudi bwenini nikatoa kurasa nne, nikaingiza maombi, nikachapa. Kitabu kikaenda kupigwa chapa kikiwa na picha ya Mkuu kwenye jalada, anatabasamu, mkono juu ya ukuta wa upande wa reli.

Usiku sikulia, nililala vizuri tu, na hilo ndilo lililonitia aibu nilipoamka.

Nilichofanya ni kidogo, tena kilihitaji watu wawili. Tasnifu yangu, ambayo nayo ilihusu ukumbi ule ule, niliiacha kama ilivyo, na Ditram wake na ukuta wake. Halafu nikamfuata Valentino. Yeye kwa sababu ya mwandiko wake mzuri alikuwa amepewa kazi ya kujaza kadi za mwaliko. Nikamtajia jina moja la kuongeza.

"Cheo chake nini?" aliuliza.

"Hana cheo."

"Mtu hawezi kuja jubilei bila cheo." Alifikiri kidogo, akaandika kwa madoido: *Bibi Joha, Mwakilishi wa Wajenzi.* Kadi zikapelekwa ofisini zikiwa mia mbili, Mkuu akazigonga muhuri zote bila kusoma hata moja. Ndivyo nyaraka nyingi za kihistoria zilivyopatikana, nadhani.

Siku ya jubilei mgeni rasmi alichelewa saa mbili, kwa hiyo ratiba ilikwenda vizuri. Kwaya iliimba. Wanafunzi wa biashara walionyesha sabuni ya maji. Bibi Joha alikuwa ameshafika na basi la asubuhi, amejifunga kitenge kipya, mkeka kwapani, zawadi yake kwa chuo. Kadi ilisema kiti cha mbele, akakaa kiti cha mbele, kati ya mke wa Mkuu na mwakilishi wa benki, akawauliza wote wawili kama wana mikeka nyumbani.

Nami niliitwa kusoma muhtasari wa kitabu. Nikasoma: tofali kwa tofali, maombi, mikono mitakatifu. Nilisoma kwa sauti nzuri. Nilipofika kwenye wamisionari niliinua macho nikamwona Bibi Joha anatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu akimtajia bei ya chini.

Mshereheshaji, akiwa na orodha mkononi, akatangaza, "Sasa tumsikilize Mwakilishi wa Wajenzi!" Mkuu alipiga makofi kwa nguvu. Nadhani alitegemea bibi aliyewapikia wamisionari.

Bibi Joha alipokea kipaza sauti. "Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wote mmepata." Watu wakaitikia kila mmoja upande wake. "Nimefurahi kuingia tena humu. Mara ya mwisho nilitolewa nje kwa kucheza na mtu asiye wangu."

Ukumbi ulianza kucheka pole pole, kwa tahadhari, watu wakimtazama Mkuu kwanza.

"Pale," alinyoosha kidole kwenye kaunta ya maktaba, "pale mnapoazima vitabu ndipo tulipokuwa tunapokelea pombe. Naona siku hizi foleni ni fupi."

Hapo ukumbi ulipasuka. Valentino alishuka chini ya kiti. Mkuu alimkonyeza mshereheshaji, mshereheshaji akasogea kuchukua kipaza sauti, Bibi Joha akakihamishia mkono wa pili kwa wepesi wa mtu aliyezoea kulinda mali barabarani.

"Ngoja, sijamaliza. Kitabu chenu nimesikia. Wamisionari walikuwa watu wema, shule walitufungulia. Lakini humu hawakufyatua hata tofali moja. Tulifyatua sisi. Na ukuta ule," akageuka kuutazama, na sauti yake ikashuka, "ule ulimwua mtu. Aliitwa Ditram."

Kicheko kikaisha.

"Na mimi nina kosa. Huyu binti nilimwambia Ditram alikuwa fundi mkuu. Ni uongo. Fundi mkuu alikuwa Wenceslaus, mlevi mmoja, wala simkumbuki kwa wema. Ditram alikuwa anakoroga udongo. Zile herufi za mlangoni kweli kachonga yeye, aliomba aachiwe. Nilimpandisha cheo kwa sababu ni miaka sitini sijasikia mtu akimtaja. Nikasema, kama anatajwa, basi atajwe vizuri." Akavuta pumzi. "Lakini nimeona hapa jinsi watu wanavyopandishwa vyeo, nimeona aibu. Alikuwa anakoroga udongo. Basi."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Mke wa Mkuu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno hadharani, alimshika mkono.

Sasa mnadhani Mkuu alifedheheka. Hamuwajui wakuu. Mgeni rasmi alisimama akasema amefurahi sana, kwamba simulizi kama hii ni fursa ya utalii, na watalii wanaojaa Mikumi kutazama twiga wangeweza kuletwa Kilosa kutazama kaunta. Mkuu akadakia kipaza sauti. "Kama ambavyo nimekuwa nikisisitiza siku zote," alianza, na hakutetemeka hata kidogo. Mwezi huo huo kibao kikawekwa mlangoni: Ukumbi wa Urithi wa Wafanyakazi. Kina jina la mgeni rasmi, la Mkuu, la mwenyekiti wa Bodi na la benki. Jina la Ditram halikutosha. Nilipouliza niliambiwa kibao kilikuwa kidogo. Na vile vitabu mia tano vya tofali na maombi viligawiwa vyote, kwa sababu vilikuwa vimeshapigwa chapa.

Idara ya historia haikufungwa. Ilibadilishwa jina ikawa Idara ya Utalii, Urithi na Ujasiriamali, na Mwalimu Evarist akapewa mkataba wa miaka miwili. Alinifuata kunieleza, akijaribu kutofurahi.

Jubilei ilipokwisha nilimsindikiza Bibi Joha stendi. Nilitembea hatua mbili mbele yake. Tasnifu yangu ilikuwa imeshajalidiwa, na kwenye ukurasa wa thelathini na moja Ditram alikuwa fundi mkuu.

"Umekasirika," alisema.

"Umenidanganya, bibi."

"Nimekudanganya Mikumi, nimekurekebishia Kilosa. Wenzangu wengi wamekufa na uongo wao." Akapanda basi, akachagua kiti cha dirishani, akanitazama toka juu. "Na ule mkeka mwambie Mkuu wako asiuweke juani. Utapauka."

Wiki tatu baadaye nilitetea tasnifu. Mtahini wa nje alikuwa Dokta Rebeka, mama mfupi aliyekuja na nakala yangu ikiwa imejaa vipande vya karatasi za njano. Kabla ya kikao nilikuwa nimeingiza karatasi moja ya masahihisho: ukurasa wa thelathini na moja, badala ya "fundi mkuu" isomeke "mkoroga udongo".

Alikishika kile kikaratasi kwa ncha za vidole. "Chanzo chako kikuu kimekiri mbele ya watu kwamba kilikudanganya," alisema. "Kwa nini tukiamini kwa mengine yote?"

Nilimtazama Mwalimu Evarist. Safari hii hakutazama dari. Alinitazama mimi.

"Kwa sababu katika vyanzo vyote nilivyotumia," nilijibu, "pamoja na kitabu cha jubilei ambacho nimekiandika mimi mwenyewe, ni hicho peke yake kilichorudi kujisahihisha."

Dokta Rebeka aliandika kitu. Kisha akauliza kwa nini sina majedwali. Nilipewa B+. Ingekuwa A, walisema, ningekuwa na majedwali.

Nilihitimu mwezi wa kumi na moja. Ajira sina, asanteni kwa kuuliza. Asubuhi nagawa wali kwa Mama. Lakini Bibi Joha alinitajia watu wa klabu ile ambao bado wako hai, jumla saba, mmoja Mvumi, wawili Masanze, wengine wametawanyika. Nikanunua daftari jipya nikaanza na Masanze, kwa Mzee Cornel, aliyekuwa mpiga ngoma. Nilimkuta anapalilia mahindi. Nilimweleza nimetoka wapi, nani kanituma, na nimeambiwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho ameegemea jembe.

"Joha ni mwongo tangu zamani," alisema. "Nani alikwambia kambi yetu ndiyo ilichelewesha matofali?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nikafungua daftari, naye akaweka jembe chini akaenda ndani kutafuta kiti.